Maji Yaliyoruka Ghorofa ya Tatu

Doa lilikuwa kubwa kuliko alivyoambiwa ofisini. Bi Kwanini alipanda juu ya kiti, akainua uso mpaka pua ikakaribia kugusa dari, kisha akanusa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani bila ruhusa. Hakukuwa na harufu ya sabuni, wala ya maji ya kudekia, wala ya choo. Kilichonuka ni chokaa iliyolowa na vumbi la zamani, basi.

"Unanusa nini, mwanangu?" aliuliza mwenye chumba kutoka chini. "Maji ni maji."

"Maji yana kwao, mzee. Natafuta kwao."

Jina la Bi Kwanini alipewa na wenzake kazini, maana aliuliza "kwa nini" kama wengine wanavyosema "hujambo". Alikuwa mpelelezi wa baraza la nyumba, lile linalosikiliza ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba, na kila kesi yenye midomo miwili na isiyo na shahidi ilitupwa mezani kwake. Hii ilikuwa mojawapo. Chini, ghorofa ya pili, aliishi mzee huyu aliyesimama na mikono nyuma. Alikuwa amestaafu usomaji wa habari redioni, na jengo zima lilimwita Mtangazaji. Juu yake, ghorofa ya tatu, aliishi mwanamke mshonaji pamoja na mkwewe, bibi mmoja aliyekufa ganzi miguu. Mwenye nyumba alikuwa amempa mshonaji notisi ya kuhama. Sababu ilikuwa moja tu: eti anammwagia jirani yake wa chini maji kwa makusudi. Notisi ingeisha Jumamosi na baraza lingekaa kesho yake asubuhi. Kama hakuna mtu atakayeonyesha maji yalikotoka, mshonaji angetoka na cherehani yake kichwani.

Mtangazaji alisimulia mkasa wake kama anasoma taarifa, habari kubwa kwanza. Kwanza ilikuwa cherehani. Inaanza asubuhi, inanguruma mchana kutwa, inanyamaza mtu akiwa ameshachoka hata kufurahia ukimya. Alimwomba mama huyo apunguze, hakupunguza. Akalipeleka suala barazani, baraza likasema kushona mchana si kosa. Basi alipokwisha kushindwa, muda si mrefu, dari ikaanza kulia.

"Alishinda kesi, kisha akaanza kunimwagia maji," alimalizia. "Hiyo inaitwaje?"

"Inaitwa mfuatano, mzee. Kimoja kimekuja nyuma ya kingine. Kama kimoja ndicho kilichozaa kingine, hilo ndilo nimekuja kuliangalia."

Mtangazaji hakupenda jibu hilo, na hakuficha. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo mkononi.

Bi Kwanini alibaki juu ya kiti akiangalia chumba kwa utulivu. Doa lilianzia kwenye kona ya ukutani na kutambaa kuelekea kitandani. Bafu la ghorofa ya juu halikuwa upande huu kabisa. Chini ya doa lilisimama kabati la mbao, kubwa na zito, kichwani limefunikwa plastiki, na juu ya plastiki limewekwa beseni la kukingia matone. Upande wa pili, karibu na dirisha, sakafu ilikuwa na alama nne zilizopauka, ukubwa wa miguu ya kabati lilelile.

"Kabati ulilihamisha, mzee?"

"Jua la dirishani linapausha nguo."

Alijibu upesi mno kwa mtu aliyezoea kupima kila neno. Bi Kwanini alikubali kwamba jua kweli linapausha nguo. Akashuka, akafuta kiti kwa mkono wa gauni lake, akaomba ruhusa ya kupanda juu.

Mshonaji alimfungulia mlango huku futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole vyepesi na maneno makavu. Sebule yake yote ilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, magauni yaliyokamilika yamening'inizwa ukutani. Chumba cha ndani kiligawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia mkwewe alikuwa amelala, akikoroma kidogo.

Kona iliyokuwa juu ya doa ilikuwa humo humo chumbani, kando ya kitanda cha bibi. Bi Kwanini alipiga magoti, akapapasa sakafu kila mahali, akatia mkono chini ya kitanda na kuvuta sanduku la nguo. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha gauni la arusi, kikavu, bila hata nukta ya ukungu. Alikirudisha alipokikuta. Mtu anayemwaga maji chumbani kwa kumkomoa jirani hawezi kuhifadhi gauni la mteja kwenye sakafu hiyohiyo, isipokuwa awe na wazimu, na mwanamke huyu hakuonyesha dalili hiyo.

Walizungumza kwa sauti ya chini ili bibi asiamke. Mshonaji hakujitakasa. Alikiri kwamba hasalimiani na Mtangazaji ngazini, na kwamba siku moja, mzee alipogonga dari yake kwa fimbo ya ufagio mpaka pini zikamwagika mezani, alimtukana kwa sauti.

"Nilimwita bundi," alisema. "Hilo nililisema, na nikiulizwa kesho nitalikubali. Maji sikumwaga."

"Ukitoka hapa utakwenda wapi?"

Mshonaji aliikunja futi yake, akaikunjua tena. Alisema amekwisha kuuliza mtaa mzima. Wenye vyumba wakisikia kuna cherehani wanasema wapo watu wengine wameshalipia. Wateja wake wanaijua ngazi hii, na bibi hawezi kubebwa huku na huku. Mara ya mwisho kumteremsha kwenda hospitali walihitajika majirani wanne na ubao wa mlango. "Mimi naogopa," aliongeza, bila kuzunguka. "Sijui tutalala wapi Jumamosi."

Bi Kwanini alitoa mkobani kipakiti cha buluu ya kufulia. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yake, na iliwahi kuvunja uongo mwingi kuliko kiapo. Aliikoroga kwenye ndoo hadi maji yakawa rangi ya wino, akamwaga ndoo moja bafuni na nyingine kwenye sinki la jikoni, kisha akadeki chumba chote kwa maji yaleyale, akipita kwa uangalifu kando ya kitanda. Huko chini Mtangazaji alikuwa ameagizwa akae chini ya dari yake, na akiona rangi yoyote, agonge kwa ule ufagio wake. Walisubiri. Bibi aligeuka upande, akaendelea kukoroma. Ufagio haukugonga.

Alipoteremka kuhakikisha, dari ilikuwa na rangi yake ileile ya chai hafifu.

"Amemwaga kidogo makusudi," alisema Mtangazaji.

"Nimemwaga mimi, mzee. Ndoo nzima nzima."

Bi Kwanini akapanda tena.

Safari hii alitaka kuona ukuta, siyo sakafu. Kwenye ile kona, nyuma ya mafungu ya vitambaa, palikuwa na mlango mdogo wa mbao, upana wa trei ya chai. Mshonaji alimweleza kwamba hilo ni shimo la mabomba. Mabomba yote ya jengo yanapita humo, kutoka paani hadi chini kabisa, na kila nyumba ina kimlango chake ili fundi aweze kufika. Sauti nazo zilipita humo. Kutoka juu ulimsikia muuguzi wa ghorofa ya nne akiimba akiwa bafuni, na kutoka chini ulimsikia Mtangazaji akikohoa na akibishana na redio. Hata lile tusi la bundi lilipita hapo hapo.

"Ila siku hizi hata kikohozi chake sikisikii," alisema mshonaji. "Nilidhani amepona."

Bi Kwanini alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. Alifungua kimlango na kuingiza tochi. Mabomba yalikuwa yamesongamana, manene kwa membamba, na mwanga wake uliishia kwenye viwiko vyao. Upande wa nje wa bomba moja ulikuwa na unyevu. Aliupitishia kidole, akakinusa, akapata ile harufu ya chokaa na vumbi.

Shimo lenye juu lina chini. Alishuka hadi uani, nyuma ya jengo, kumtafuta msimamizi.

Msimamizi alikuwa mtu wa buti ngumu na funguo tele kiunoni, aliyetembea akilia kama punda wa kengele. Alipoambiwa afungue mlango wa chini wa shimo la mabomba, alisema ufunguo umepotea. Alipoulizwa umepotea lini, alisema zamani. Alipoulizwa kwa nini basi kufuli lina mafuta mapya, alianza kuzungumzia hali ya hewa.

Hapo Bi Kwanini alipata nadharia, tena nzuri. Ngazi nzima ilikuwa inanong'ona kwamba binti wa mwenye nyumba anaolewa na ameahidiwa kukaa ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji anayelipa kodi vizuri bila kosa, kwa hiyo anahitaji kosa. Msimamizi ana funguo za kila mlango, anapanda paani apendapo, na sasa anatokwa jasho kivulini. Nia ilikuwepo, mikono ilikuwepo, na mlango alikuwa anaunyima. Ni mara chache kesi kujileta yenyewe imevaa vizuri namna hiyo, na Bi Kwanini alijionya asiipende haraka.

"Kaka," alisema, "mimi nitakaa hapa mpaka ufunguo upatikane. Nimekula, nimekunywa, sina haraka."

Ufunguo ulipatikana kiunoni.

Ndani, chini ya mabomba, kulikuwa na mfereji mfupi wa saruji unaotoa maji hadi kwenye karo ya uani. Mfereji ulikuwa mkavu kabisa. Buibui alikuwa ametandaza utando kwenye mdomo wake, na pembeni ukoga wa maji, ule wa kijani unaoteleza, ulikuwa umekauka na kubanduka vipande vipande.

"Hapa palikuwa panapita maji," alisema Bi Kwanini.

"Yalikuwepo. Tangu enzi. Niliyaziba mimi."

"Uliyaziba wapi?"

"Huko... juu."

"Juu wapi? Bomba gani? Kwa kutumia nini?"

Msimamizi alizichezea funguo zake. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu mfukoni asichotaka kukitoa, akakubali kwamba hakuziba chochote. Miaka yote maji yalikuwa yanachuruzika humo na kulowesha uani, na mwenye nyumba kila akija alimfokea arekebishe. Siku moja yakakauka yenyewe. Mwenye nyumba akaja, akaona pakavu, akamsifu, na msimamizi hakuona haja ya kuharibu furaha ya mtu. Hata hizo buti alizovaa alipewa kama zawadi ya kazi hiyo. Tangu hapo amekuwa akiogopa kila mtu anayeusogelea mlango ule, asije akagundua kwamba hakuna kazi iliyofanyika.

Nadharia nzuri ya Bi Kwanini ikafia hapo hapo. Jasho la msimamizi lilikuwa la buti, si la maji. Alimhurumia kidogo, na alimwambia hivyo, maana mwanaume yule alikuwa karibu kulia.

"Sikiliza, buti zako hazinihusu. Niambie kitu kimoja tu, kwa ukweli. Mfereji ulikauka kabla au baada ya Mtangazaji kuanza kuvujiwa?"

Msimamizi alifikiri, akihesabu kwa midomo. "Kwa pamoja," alisema hatimaye, na yeye mwenyewe akashangaa. "Wiki ileile. Nakumbuka kwa sababu mwenye nyumba alinisifu chini, akapanda juu kufokewa na mzee."

Bi Kwanini aliangalia mfereji mkavu, kisha akainua macho kwenye giza la shimo. Siku zote watu wa jengo hili walikuwa wanauliza nani ameanza kumwaga maji. Hakuna aliyeanza. Maji yalikuwepo tangu enzi, yakishuka zake kimya kimya hadi uani. Kilichobadilika ni kwamba mahali fulani njiani yalikuwa yamezuiwa.

Muuguzi wa ghorofa ya nne aliamshwa usingizini, maana alikuwa ametoka zamu, na alifungua mlango akiwa na khanga na hasira. Hasira iliisha alipoelezwa kwamba ni suala la jirani kufukuzwa. Alimwingiza Bi Kwanini bafuni mwenyewe. Maji yake hayajawahi kutuama, alisema. Yanakwenda vizuri tangu alipohamia. Bi Kwanini akakoroga buluu ya pili, akaimwaga kwenye tundu la bafu, kisha akafungua kimlango cha muuguzi na kumulika. Kiungo cha bomba la maji machafu kilikuwa kimepasuka, ufa wa kizamani uliojaa kutu, na buluu ilikuwa inatoka ufani na kuteremka kwa nje ya bomba, nyuzi nyembamba nyembamba, ikielekea ghorofa ya tatu.

Alishuka mbio kwa mshonaji. Buluu ilipita kwenye kimlango chake bila kugusa ukuta, ikaendelea chini gizani.

"Nipe uzi," alisema Bi Kwanini. "Ule mgumu wa kushonea mikoba. Na kitu kizito chembamba."

Mshonaji alileta kibiringo cha uzi na kufuli dogo la sanduku. Msimamizi aliagizwa asimame chini kwenye mfereji, na kufuli likimfikia alivute mara mbili. Bi Kwanini aliliachia taratibu kati ya mabomba. Uzi ulipaswa kwenda ghorofa mbili na zaidi. Haukwenda hata kimo cha mtoto anayetambaa. Kufuli liligonga kitu kigumu, kavu, kama kugonga meza. Alilivuta kidogo, akaliachia tena, likagonga palepale. Mshonaji alichungulia dirishani na kumwita msimamizi, akamuuliza kama kuna kitu kimefika. Msimamizi akajibu kwamba kilichofika ni buibui tu.

Kufuli lilipopanda lilikuwa linachuruzika maji ya buluu, na kwenye ukingo wake limeganda tope la kijivu. Bi Kwanini alilisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa saruji, tena mpya.

Mshonaji aliigusa saruji ile kwa ncha ya kidole. "Ni nani aliyeziba?" aliuliza.

"Ngoja kwanza nimuulize mwenye kabati," alisema Bi Kwanini.

Mtangazaji alimpokea mlangoni akiwa amechangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Alimshika mkono, akamkokota hadi chumbani, akaonyesha dari. Ukingo wa doa ulikuwa umegeuka buluu.

"Si nilikwambia? Buluu yenu hiyo. Haya, andika."

"Ni ya ghorofa ya nne, mzee."

Mkono wa Mtangazaji ulibaki hewani.

"Buluu ya ghorofa ya tatu haikufika kwako, umeona mwenyewe. Hii imetoka kwa muuguzi, ikairuka ghorofa ya tatu bila kulowesha hata kipande cha uzi, ikaja kutua kwako. Kwa nini haikuendelea chini kama ilivyokuwa inaendelea miaka yote?" Bi Kwanini aligeukia kabati. "Mtu akivujiwa anaondoa kabati. Wewe ulikuwa nalo pakavu, ukalileta kwenye matone. Tulisogeze pamoja?"

Mtangazaji aliketi kitandani. Hakusaidia, lakini hakukataza. Bi Kwanini alilisukuma kabati kwa bega, likalia sakafuni na kusogea. Nyuma yake palikuwa na kimlango cha shimo la mabomba, rangi yake imechubuka, na ukutani kuzunguka fremu kulikuwa na mabaki ya saruji aliyoisahau fundi. Alipokifungua na kumulika juu, aliona mbao zilizopangwa kukingama shimo zima, sawasawa na dari. Matone ya buluu yalikuwa yamening'inia kwenye mbao hizo.

"Ilikuwa inanifuata hadi kitandani," alisema Mtangazaji. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Maisha yangu yote nimefanya kazi katika chumba ambacho sauti ya nje haiingii. Nikajua nikistaafu nitapata kingine kama hicho. Wewe hujui ile cherehani. Hata ikinyamaza nilikuwa naisubiri ianze."

Alieleza mengine bila kuulizwa. Baraza lilipomkatalia, alimwita fundi wa mtaa mwingine siku ambayo msimamizi alikwenda msibani. Fundi aliingia kupitia kimlango hiki, akakingamisha mbao, akamwaga saruji juu yake na kuishindilia pembeni hadi hapakubaki tundu la kupitisha sauti. Usiku ule Mtangazaji alilala kama mtoto. Dari ilipoanza kulowa, hakuwaza saruji hata kidogo. Alimuwaza mshonaji.

"Naapa nilijua ni yeye."

"Ulijua, au ulitaka awe yeye?"

Mzee alitazama mikono yake. Alisema hajui. Alisema mkataba wa upangaji unakataza mpangaji kugusa ukuta wa jengo bila ruhusa ya mwenye nyumba. Yeye ameishi humu tangu mkewe yuko hai, na kodi yake bado ni ya enzi hizo. Akikiri, mwenye nyumba atamtoa kwa furaha.

Bi Kwanini hakumdanganya. Alimweleza kwamba aliyebadilisha jengo hupewa kwanza nafasi ya kulirudisha lilivyokuwa, na kwamba mabaraza humtazama kwa jicho jema anayesema mwenyewe kuliko anayeumbuliwa, lakini hawezi kumwahidi lolote. Ripoti yake ataiandika kama alivyoona: buluu, uzi, mbao. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba ataomba muda wa kuleta fundi wake aikague ripoti hiyo, atapewa, na huku notisi inaisha Jumamosi. Mshonaji angeshinda kesi akiwa tayari yuko barabarani.

"Notisi imesimama juu ya malalamiko yako peke yake," alisema. "Ukiyaondoa mbele ya msimamizi, ambaye ndiye mtu wa mwenye nyumba hapa, inaanguka leo. Lakini atakuuliza kwa nini unayaondoa."

Tone moja lilidondoka, beseni likalipokea. Kisha Mtangazaji aliinuka, akatafuta kandambili zake, akazivaa mguu usio wake, akazibadilisha.

"Huko juu kuna nani saa hizi?" aliuliza.

Alipanda ngazi polepole, mkono ukutani. Bi Kwanini alimfuata, na msimamizi akaitwa kutoka uani. Kwa miaka yote waliyoishi pamoja mzee yule hakuwahi kufika mlango ule. Alisimama mbele yake kana kwamba amepotea jengo. Akabisha hodi kwa kidole kimoja.

Mshonaji alifungua, akamwona, akasogea pembeni. Pazia la ndani lilikuwa limefunguliwa. Bibi alikuwa ameshaamka na ameketi kitandani, amevaa gauni la kutokea na kilemba, mkoba mapajani. Miguuni mwake, ile miguu isiyokanyaga chochote, alikuwa amevishwa viatu vyeusi vya kamba na kamba zimefungwa vizuri.

"Wewe ndiye mwenye gari?" alimuuliza Mtangazaji.

Mshonaji alieleza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, kwamba tangu notisi ilipokuja bibi akiamka mchana hudai avishwe hivyo, na havuliwi mpaka giza liingie. Anaogopa gari la mizigo lisije likamkuta hayuko tayari, wakamwacha.

Mtangazaji aliinama kidogo ili bibi amwone vizuri.

"Si mimi mwenye gari, mama. Mimi ni jirani wa chini. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza."

Kisha akayasema yote, amesimama, mbele ya msimamizi: fundi, mbao, saruji, kabati. Hakujipunguzia. Alisema maji ni ya bomba bovu la juu, aliyeyazuia ni yeye, aliyesingiziwa ni mama huyu, na malalamiko yake anayaondoa kuanzia dakika hii. Msimamizi alitazama buti zake, akasema amesikia, na kwamba atamweleza mwenye nyumba kila kitu, hata yale ya upande wake.

Mshonaji alikuwa ameishika futi kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Kesho utayarudia hivyo hivyo, mwenye nyumba akiwa ameketi mbele yako?"

"Nitayarudia."

"Na akikutoa?"

Mtangazaji alitazama viatu vya bibi. "Nitakuwa nimeshasema," alijibu.

"Cherehani sitaizima."

"Sijakuomba."

Mshonaji hakumwambia aketi, wala hakumwambia aondoke. Mzee akabaki amesimama katikati ya magauni ya watu, hajui pa kuweka mikono.

"Sasa hilo gari linakuja au haliji?" aliuliza bibi.

Mshonaji alipiga magoti mbele yake.

"Haliji, mama," alisema, akianza kufungua kamba. "Tuvue viatu."